Namna ya Kuachana na Dodoso

Litazame dodoso lako usoni ukubali ukweli: hukulichagua kwa mapenzi. Ulilikuta kwenye tasnifu ya aliyekutangulia, ukabadilisha jina la taasisi na mwaka, ukalipeleka kwa msimamizi. Sura ya tatu ikajaa upozitivisti, ufasiri na upragmati, majina ya falsafa za utafiti ambayo ukiulizwa siku ya utetezi utayatafuta darini.

Anza na swali lako. Falsafa ya utafiti inakutaka useme unaamini ukweli unaoutafuta uko wapi. Ukitaka kujua ni wafanyakazi wangapi wameacha kazi mwaka huu, hesabu. Majalada ya utumishi yapo. Ukitaka kujua kwa nini waliobaki wanafanya kazi kwa kujivuta, jibu limo ndani ya maana wanayoipa kazi yao, nalo halitoki kwa kuweka alama ya vema kwenye kisanduku.

Kisha soma habari za Hawthorne, kiwanda cha Western Electric kilichokuwa Cicero, jirani na Chicago. Usiishie kwenye aya moja ya kitabu cha kiada, maana mkasa wenyewe ni mtamu. Kati ya 1924 na 1927 watafiti walipandisha na kushusha mwanga wa taa ili waone kama unaongeza uzalishaji. Matokeo yakawachanganya: kuna nyakati mwanga ulipunguzwa na kazi ikaongezeka. Mwaka 1927 wakawatenga wanawake wachache katika chumba cha majaribio. Wawili kati yao wakaondolewa Januari 1928, wakilaumiwa kwa soga na kukosa ushirikiano, wakaletwa wengine. Jaribio linalobadilishiwa watu katikati lina kasoro kubwa, na kila anayelinukuu anapaswa kuitaja.

Hapo ndipo wakafanya jambo la maana sana. Kuanzia 1928 walihoji wafanyakazi zaidi ya 20,000. Mwanzoni wahojaji walishika orodha ya maswali, lakini wafanyakazi wakawa wanayaacha na kurudia yale yanayowakera. Wahojaji wakaweka orodha pembeni, wakasikiliza.

Mwishowe, kati ya 1931 na 1932, wakawaangalia wanaume 14 wakifunga nyaya. Malipo yao yalipanda kadiri kundi lilivyozalisha, na bado walijiwekea kiwango cha siku ambacho hawakutaka kivukwe. Aliyekivuka alipigwa ngumi kwenye mkono. Sasa niambie, kipengele gani cha dodoso lako kingelifichua hilo? "Huwa tunampiga mwenzetu anayejituma: nakubaliana sana"?

Hatua ngumu ni kuachana na kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli. Taasisi ina watu 200, unaweka asilimia 5 ya makosa, inakupa 133, nawe unapumua. Kanuni imekuambia idadi ya watu wa kuwafikia, basi. Swali bovu likiulizwa mara 133 linabaki bovu, hata ukilipitisha kwenye programu ya takwimu ya SPSS na kulipamba kwa majedwali. Mtafiti wa menejimenti Henry Mintzberg aliwafuata wakurugenzi wakuu watano, kila mmoja kwa wiki moja, akaandika walichofanya. Kitabu chake cha 1973 kilionyesha kazi ya meneja imekatikakatika, imejaa maongezi na kuingiliwa kila dakika chache, tofauti kabisa na picha ya mtu anayekaa akipanga mipango kwa utulivu. Watu watano!

Na kama swali lako kweli ni la kuhesabu, rudiana na dodoso kwa heshima. Usimkabidhi meneja aligawe na kulikusanya. Mfanyakazi anayejua fomu yake itapita mezani kwa bosi atakubaliana sana na kila kitu, kuanzia uongozi bora hadi chai ya saa nne. Ligawe mwenyewe, bila majina, ukusanye kwenye bahasha zilizofungwa. Lijaribu kwanza kwa watu wachache, ukae nao wakueleze walivyolielewa kila swali.

Nanyi wasimamizi, nawasihi. Mwanafunzi akija na watu saba aliokaa nao kwa makini, msianze kwa kumuuliza wengine wako wapi. Muulizeni hao saba walimwambia nini, na amethibitishaje.