Pole Pole, kwa Haraka

Mgeni amepanga siku kumi: tano za Kilimanjaro, tatu za Serengeti na Ngorongoro, mbili za kujilaza mchangani Nungwi. Kwenye karatasi hesabu inakaa sawa, kwa sababu karatasi haiumwi kichwa. Mlima una mita 5,895, na mwili hauzoei uhaba wa hewa kwa kuoneshwa risiti. Kinachompandisha mtu ni usiku anaolala njiani. Ndiyo maana anayepita njia ya Machame kwa siku saba ana nafasi nzuri zaidi ya kufika kilele cha Uhuru kuliko anayekimbizana na njia ya Marangu kwa siku tano. Waongozaji humwambia "pole pole" tangu getini. Naye huitikia, hununua hata fulana yenye maneno hayo, kisha huuliza kama siku moja inaweza kupunguzwa.

Atajitetea kwamba likizo ni fupi na ada za hifadhi huhesabiwa kwa siku. Kweli, zinauma. Lakini mwenye siku chache hupunguza mahali, si usingizi. Siku aliyoiokoa mlimani itamezwa na barabara, maana kutoka Arusha hadi katikati ya Serengeti gari hula karibu kutwa nzima. Wapo wanaosema bora kuonja vyote. Sawa, ila mwonjaji asilalamike kwamba hakushiba. Huko mlimani, wapagazi, ambao kanuni imewawekea kikomo cha kilo 20 (kikomo, wameambiwa), humpita na hema lake kichwani, wakamwacha amekaa juu ya jiwe, anatafuta mtandao athibitishe chumba cha Nungwi.