Mchungaji Chini ya Kitanda

Mtu wa Busia akisikia bidhaa imeadimika, huuliza kwanza: upande gani? Sukari ikipanda bei Kenya, ya Uganda inavuka. Petroli ikikauka Uganda, kama Januari 2022 madereva wa malori walipogoma kwa ajili ya vipimo vya Korona na lita moja ikafika shilingi elfu kumi za kule katika baadhi ya miji, mitungi ya plastiki inaondoka kwetu kimyakimya. Wapo akina mama wa vikapu, wapo vijana wa bodaboda, kazi iliyozaliwa papa hapa mpakani, na wapo wale ndugu walemavu wa baiskeli za magurudumu matatu ambao kwa miaka mingi ndio wachukuzi hodari kuliko wote. Kwa hesabu hiyo, jiko la Busia linaweza kuishi na gorogoro mbili za unga na pakiti moja ya chumvi bila mtu kupoteza usingizi.

Hayo ndiyo yalikuwa maoni ya mume wangu. Mama yake alikuwa na yake.

Mama mkwe ni mtu wa Tororo, Uganda. Alikuwa msichana Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, na alikuwa amembeba mume wangu mgongoni Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Katika miaka hiyo sukari ya Kakira na Lugazi ilipungua mpaka ikawa jambo la kusimuliwa. Watu waliandikwa majina ndipo wagawiwe kipande cha sabuni, na wale wachache waliokabidhiwa maduka ya Waasia walinenepa hata wakaitwa mafuta mingi. Mwaka 1975 iliundwa mahakama maalumu ya makosa ya uchumi. Magendo, kupandisha bei, kuficha bidhaa, vyote vingeweza kumfikisha mtu mbele ya bunduki. Basi aliyekuwa na kilo tano za chumvi nyumbani alilala na hofu mbili: ya kukosa chumvi, na ya kukutwa nayo. Ukitaka kumwelewa mama mkwe wangu, anzia kwenye hiyo hofu ya pili.

Mwaka 2022 dalili zote zilimfikia Tororo. Pakiti ya unga ya kilo mbili Kenya ilikuwa imepita shilingi 200. Mafuta ya kupikia yalikuwa yamepaa kwa sababu ya vita vya Ukraine, na mwezi Aprili Indonesia nayo ikafungia mawese yake. Julai serikali yetu ikatangaza unga wa bei nafuu, shilingi 100 kwa pakiti, na kilichoonekana madukani baada ya hapo kilikuwa rafu tupu. Juu ya yote, Agosti 9 tulikuwa na uchaguzi. Mama aliukumbuka vizuri ule wa Desemba 2007, reli ilipong'olewa Kibera na Uganda nzima ikabaki inasubiri mafuta. Alijumlisha haya yote peke yake, akafunga mizigo, akaja kutuokoa.

Kwa mila zetu mzazi halali katika nyumba ya mwanawe, wala hakanyagi chumba chake cha kulala. Kwa hiyo Mama alifikia kwa binamu yake kule Sofia, upande wa Uganda, akawa anavuka kila asubuhi kuja kwetu Marachi. Hapo ndipo ilipoanzia shida. Mgeni anayekuja mara moja huleta kilo mbili za sukari na kuku. Mgeni anayevuka mpaka kila siku, akiwa na vazi pana la gomesi na binamu mfanyabiashara, huleta duka.

"Mwanangu," alininong'oneza siku ya kwanza, akichungulia dirishani, "vitu usivitaje kwa majina. Kuta zina masikio."

Akavibatiza. Chumvi ikawa mwalimu, kwa kuwa haipendezi ukiila lakini huwezi kuishi bila hiyo. Mafuta ya taa yakawa shemeji. Sukari, inayopendwa na kila mtu na ambayo hakuna nyumba inayoikataa ikibisha hodi, ikawa mchungaji. Baba watoto hakutakiwa kujua idadi, maana alikwisha sema hataki kuona gunia ndani ya nyumba yake. Mama, kwa kuwa mila zilimzuia kuingia chumbani, alisimama mlangoni na kunielekeza kwa fimbo: mwalimu sukuma ukutani, mchungaji vuta huku kwenye miguu, shemeji mweke mbali, huyo ananuka. Kitanda chetu kikainuka. Mume wangu alidhani ni godoro limeumuka.

Jioni akirudi Sofia, Mama alipiga simu kuhakikisha. Nyumba za Marachi zimepangana bati kwa bati. Jirani yangu wa mlango wa pili ni kiongozi wa akina mama kanisani, na ana kawaida ya kuanika nguo jioni, saa ambayo hakuna jua.

"Ndiyo, Mama. Mchungaji yuko chini ya kitanda. La, hajalowa. Baba watoto hajamwona. Ndiyo, nimemfunika vizuri. Kesho nitamtoa mwingine pale nyuma ya kabati, hawa wawili nafasi haiwatoshi."

Nguo za jirani zilikauka ghafla. Alizianua zote akaingia ndani.

Wakati huo akiba yenyewe ilikuwa imeanza vita vyake. Mama alikuwa amenunua magunia mawili ya mahindi, ya kilo tisini kila moja, mavuno mapya ya Uganda. Mavuno ya kwanza ya kule huingia sokoni Julai na Agosti mvua ikiwa bado inanyesha, na mkulima mwenye haja ya pesa hangoji jua. Binti yetu, aliyekuwa akisoma kilimo shuleni, aliyatia mkono akasema yana maji. Akaeleza walivyofundishwa: mahindi ya kuwekwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na asiye na kipimo atie konzi ya mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, atikise. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado.

"Chumvi ya kuchezea?" Mama alimtazama mjukuu wake kama mtu aliyetukanwa. "Mimi nimewahi kutembea usiku kucha kwa sababu ya kikombe cha chumvi. Funga gunia."

Tukafunga magunia. Yalikaa nyuma ya kochi, yamefunikwa kitambaa cha meza ili yafanane na meza ya pembeni, na kwa muda yalikubali kuwa meza. Kisha meza ikapata joto. Paka wa mtaa mzima, waliokuwa wamekwisha kuja kwa ajili ya debe la omena la Mama, wakagundua kuwa juu yake kuna raha ya kulala. Mtoto wetu wa mwisho aliweka kikombe chake cha chai pale, akasema hakipoi. Usiku tukaanza kusikia sauti ya kusaga, ndogo, isiyokoma. Mume wangu aliamka na tochi kutafuta panya. Nilijua hakuwa panya. Alikuwa osama.

Asiyemjua osama ashukuru Mungu. Ni yule mdudu ambaye Watanzania humwita dumuzi, na wengine Scania. Asili yake ni Amerika ya Kati, akaonekana Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, akaingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fukusi wa kawaida hula mahindi akaridhika. Huyu hula mahindi, akatoboa gunia, akaendelea na mbao ya kochi. Anachokuachia ni vumbi jeupe ambalo huwezi kulipikia ugali wala kulirudisha sokoni. Miaka ambayo Mama alikuwa akijifunza kuficha chakula chake kwa askari ndiyo miaka ambayo osama alikuwa akishuka melini, na katika somo lote la Mama la kuficha hakuna mahali palipomtaja.

Wakati gunia la kwanza linageuka vumbi, tulihamia kwenye unga uliokwisha sagwa. Huu ulikuwa katika pipa jikoni, na juu ya pipa, kwa kubana nafasi, Mama alikuwa amepanga miche ya sabuni ya kufulia mpaka darini. Unga una tabia ya kunywa harufu ya chochote kilicho jirani. Ugali wa kwanza ulikuwa na harufu ya mbali. Wa pili ulikuwa safi mno. Watoto walisema ukitafuna sana unatoa povu, jambo ambalo si kweli, lakini sikuweza kuwalaumu.

Katika hali hiyo ndipo mchungaji alipobisha hodi. Mchungaji mwenyewe, wa kanisa, na akina mama wawili nyuma yake, mmoja wao jirani yangu. Walikaa kwenye kochi lililotobolewa. Wakaomba maji. Wakaimba pambio moja. Kisha mchungaji akakohoa, akazungumza kwa upole mkubwa juu ya ndoa, juu ya vishawishi, juu ya jinsi ambavyo hata mtumishi anaweza kusingiziwa. Mume wangu alikuwa akiitikia amina bila kujua anaitikia nini. Mama, aliyekuwa amevuka mapema siku ile, alishikilia fimbo yake akatulia tuli. Naamini alidhani msako umekuja.

Mgeni haondoki na njaa. Niliwapakulia ugali, omena na sukumawiki. Mchungaji alimega tonge, akatafuna, akasimama kidogo, akameza. Alikuwa mtu wa malezi mema. Jirani yangu alinusa kiganja chake mara mbili.

"Mama," mchungaji akasema hatimaye, akinikabili, "tumesikia kuwa hapa ndani kuna mchungaji amefichwa."

Kabla sijafungua mdomo, mtoto wetu wa mwisho alikwisha kimbia chumbani. Alirudi kinyumenyume, anaburuta mfuko wa sukari. "Huyu hapa," alisema kwa fahari. "Mwingine yuko nyuma ya kabati. Na mwalimu yuko ukutani, na shemeji anavuja."

Shemeji kweli alikuwa anavuja. Mfuko ulikuwa umeloa upande mmoja, na harufu ya mafuta ya taa ikaenea sebuleni, ikakutana na ya sabuni. Mume wangu aliutazama mfuko, akamtazama mama yake, akaenda chumbani, akainua godoro. Tulimsikia akihesabu kwa sauti. Alihesabu kwa muda mrefu. Mchungaji, Mungu ambariki, ndiye aliyecheka kwanza, akacheka hata akashika meza ya pembeni, na meza ya pembeni ikatoa wingu la vumbi.

Uchaguzi ulipita. Matokeo yalitangazwa Agosti 15, kesi ikaamuliwa Mahakama ya Juu Septemba 5, na muda wote huo biashara mpakani iliendelea. Maduka yetu yalikuwa na chumvi, yalikuwa na sabuni, na sukari ya Uganda ilikuwa inavuka kama kawaida. Kilichoadimika ni mahali pa kukaa nyumbani kwangu. Sukari iliyopona tuligawa kanisani, na jirani yangu akachukua fungu lake bila kunitazama usoni. Gunia la pili, lililokuwa limeota ukungu wa kijani, tulilichoma, maana sumukuvu haitoki kwa kuosha wala kwa kupika, na hata kuku si wa kupewa. Mama alisimama kando ya moto ule akisema neno moja tu, kwa Kipadhola, na mume wangu alikataa kunitafsiria.

Sabuni na chumvi alisema atarudi navyo Tororo. Nilimweleza kuwa zamani zimepita. Tangu Februari 2018 maafisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja pale mpakani, na mwanamke mwenye mzigo wa chini ya dola 2,000 hupewa karatasi rahisi ya Jumuiya iliyofufuliwa, akapita mchana kweupe kichwa juu. Alinisikiliza kwa heshima. Asubuhi nilipomsindikiza niliona gomesi yake imejaa isivyo kawaida, mkanda wa kiunoni umefungwa juu sana, na mwendo wake umekuwa wa mtu aliyevaa mbao. Alipita mbele ya afisa akamsalimia. Afisa akaitikia, akavuta pumzi, akageuka kutazama ni nani amefua asubuhi yote hii.

Nyuma yake alikuja mlemavu mmoja na baiskeli yake ya magurudumu matatu, na humo ndani mlikuwa na mizigo iliyobaki, imefungwa kwa lile gunia tupu. Walipofika ng'ambo, Mama alimlipa kwa shilingi za Kenya, akadai chenji kwa za Uganda, wakagombana juu ya kiwango mpaka nikaacha kuwatazama.

Wiki iliyofuata alinipigia simu kutoka Tororo. Sabuni ilikuwa imepanda kule. Miche yote imekwisha, amepata faida ya kununulia mbuzi, na kuna mwanamke sokoni anayeuliza kama zipo nyingine. Kisha akashusha sauti, akaniuliza kama yule mwalimu mmoja aliyesahaulika ukutani anaweza kusafiri Ijumaa.