Waranti Imo Ndani ya Dashibodi

Ukitaka kujua kama korosho zimeshalipwa Mtwara, usijisumbue kwenda kuuliza chama cha msingi. Waangalie madalali wa magari. Mikorosho ikiwa bado kwenye maua, dalali anakupita barabarani hata salamu hakupi. Minada ikianza Oktoba na fedha zikaanza kuingia benki, ghafla wewe ni "mkuu", ni "bosi", ni "mzee wangu", na kila mmoja ana gari la mwalimu wa kike aliyekuwa akienda nalo shuleni na sokoni tu. Kwa hesabu ya magari ya walimu wa kike niliyokwisha kuoneshwa, mishahara ya ualimu nchi hii ni minono kuliko tunavyoambiwa.

Msimu huu balaa hilo limeingia mpaka sebuleni kwangu. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ana mikorosho yake kule Tandahimba, na bei ilimkalia vizuri. Akaja mjini na begi dogo na wazo kubwa: anataka gari. Na wa kumsindikiza kulinunua ni mimi, kwa sababu navaa miwani. Upande wa ukweni wanaamini mtu mwenye miwani anajua magari.

Zamani dalali alikuwa anakuapia. "Haki ya Mungu, injini hii haijawahi kufunguliwa." Siku hizi viapo vimepitwa na wakati, kila gari lina waranti. Mimi nakumbuka viapo kwa hamu. Ukidanganywa kwa kiapo, ulikuwa unajua mwenzako atakwenda kujibu mbele ya Mola wake. Waranti haina siku ya kiyama.

Tukafika kwenye yadi moja kando ya barabara ya kwenda Mikindani. Pale palikuwa na Toyota IST ya rangi ya fedha, imepigwa polishi hadi unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Yuzidi ya Japani, tukaambiwa, haijakanyaga lami ya Bongo zaidi ya kutoka bandarini. Sasa huyu shemeji, kwenye mizani ya korosho hajazaliwa karani wa kumpunja hata kilo. Lakini kuliona tu lile gari, akili yote ikamtoka. Akalizunguka. Akapiga teke tairi la mbele. Akaenda nyuma, akapiga teke na lile. Kisha akanigeukia na kutoa ripoti ya ukaguzi: "Gumu."

Nikamuuliza dalali habari za hiyo waranti. Hakusita. Akafungua droo ya dashibodi, akachomoa kitabu chembamba chenye jalada la plastiki.

"Hii hapa mzee wangu. Waranti ya Wajapani wenyewe. Na muhuri wao huu hapa."

Kitabu kimeandikwa Kijapani mwanzo mpaka mwisho. Kweli mna muhuri, mwekundu, wa duara, na pembeni yake tarakimu za Kizungu: 19.

"Umeona? Kumi na tisa. Gari la 2019 hili."

Shemeji akatikisa kichwa kwa heshima, kama aliyeoneshwa cheti cha ndoa ya mfalme. Mimi nikabaki nimekodoa macho. Toyota waliacha kutengeneza IST mwaka 2016, sasa hii ya 2019 ilitengenezwa na nani, na kwa kibali gani? Aliyetuokoa ni kijana wa kuosha magari. Alikuja na ndoo yake, akatoa simu, akaielekeza kwenye ule ukurasa, na simu ikausoma. Kumbe Wajapani kwenye nyaraka zao wana desturi ya kuhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo mwaka wa 19 wa Heisei ni 2007. Ukikuta Heisei, jumlisha 1988. Ukikuta Reiwa, enzi iliyoanza 2019, jumlisha 2018. Nakupa bure, kata ubandike ukutani, maana dalali hatakwambia.

Na waranti yenyewe je? Kwa kawaida kule Japani gari jipya hupewa dhamana ya miaka 3 au kilomita 60,000 kwa sehemu nyingi za gari, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa vitu vizito kama injini na gia boksi. Gari la 2007, basi, waranti yake ya kwanza ilikufa 2010, mwaka ambao Rais Kikwete na Rais Guebuza wa Msumbiji walifungua Daraja la Umoja kule Mtambaswala. Watoto waliozaliwa wiki ile sasa wanaota ndevu. Na hata ingekuwa hai, ni ahadi aliyopewa mnunuzi wa kwanza, huko huko Japani, atengenezewe kwa wakala wa huko huko. Haikupanda meli.

Unadhani dalali aliona haya? "Basi tuachane na ya Wajapani. Mimi mwenyewe nakupa waranti yangu. Miezi mitatu, injini na gia boksi."

"Imeandikwa wapi?"

"Mzee wangu, sisi wa kuandikishana kweli? Si unanijua?"

Simjui. Nikaomba nione kitabu chake cha risiti. Chini, kwa herufi kubwa: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Kwa hiyo mdomoni miezi mitatu, kwenye risiti hata dakika tatu hakuna.

"Basi tununue jipya kabisa," akasema shemeji, pesa za korosho zikiwa bado zinamwasha mfukoni. Nikapiga simu Dar es Salaam, kwenye duka moja la magari mapya. Akapokea dada mmoja mstaarabu sana, akanisomea masharti bila kuchoka, na kadiri alivyosoma ndivyo shemeji alivyozidi kunywea.

Sharti la kwanza: sevisi kila kilomita 5,000, kwenye gereji yao au waliyoiidhinisha, na kitabu kigongwe muhuri. Ukiruka sevisi moja, au fundi wa mtaani akafungua kisichomhusu, wana sababu ya kukukatalia. Nikauliza gereji yao ya karibu na Mtwara iko wapi. Iko Dar. Sasa tufanye hesabu ya darasa la nne. Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560. Kwenda na kurudi, 1,120. Yaani kila ukienda kugongewa muhuri, unarudi nyumbani ukiwa umeshakula zaidi ya moja ya tano ya kilomita za sevisi inayofuata. Gari linazeeka kwa kwenda kupimwa uzee.

Likikwama Kilwa, nani analivuta? "Mteja, baba." Spea ikisubiriwa kutoka nje mwezi mzima, mnaniazima gari? Hapo dada akacheka. Na nikakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zake, barabara ikakatika kule Somanga, na sisi wa kusini tukabaki tunatazamana. Waranti ingekuwa inahesabu siku zake kimyakimya, gari liko huku, gereji iko kule, katikati maji.

Kisha ikaja orodha ya visivyohusika. Pedi za breki, wipa, balbu, klachi, matairi, bushi. Betri ina masharti yake. Yaani kila kinachokufa Mtwara, hakimo. Lakini nisiwe mnafiki, hapa kampuni zina hoja. Waranti ni ahadi ya mtengenezaji kwamba kosa la kiwandani atalibeba yeye. Ajali ni kazi ya bima, na uchakavu ni wa kwako na mashimo yako. Sisi tunachanganya vyote vitatu, halafu pedi zikiisha tunapiga kelele kwamba tumetapeliwa.

Chumvi ndiyo inayoniudhi. Dada alisoma kifungu cha kutu haraka-haraka, nikamwomba arudie: kutu inayosababishwa na mazingira, ikiwemo chumvi ya bahari, haihusiki. Mtu wa Mtwara atatumia gari wapi kusiko na chumvi? Tunaishi ndani ya upepo wa bahari. Na Jumapili kila mwenye gari anataka kwenda Msimbati, kwenye ule ufukwe ambao watu huendesha magari juu ya mchanga wenyewe, mawimbi yanarukia milango, vijana wanapiga picha. Kule ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na nadhani ni kasa na mikoko walioahidiwa ulinzi, siyo chesisi. Fundi wangu halazimiki kuuliza ulikuwa wapi. Anainama, anapitisha kidole juu ya chesisi, anakionja. "Msimbati," anasema. Ukiuza gari hilo mwakani, nalo litakuwa la mwalimu wa kike.

Wenye kufaidi waranti ya kweli huku kwetu labda ni vijana wa bodaboda, maana pikipiki ndicho chombo pekee ambacho watu wa kawaida hununua kikiwa bado na nailoni kwenye siti. Ila na wao husoma nusu ya sentensi. Ikiandikwa mwaka mmoja au kilomita 12,000, chochote kitakachotangulia, kijana husoma "mwaka mmoja", anafunga kitabu. Anayepiga kilomita 100 kwa siku anazimaliza 12,000 ndani ya miezi minne. Wa tano, injini inagonga, anapanda dukani kifua mbele, na mwenye duka anamwonesha yale maneno madogo. Halafu kuna na waranti zisizotaka kabisa chombo kitumike kibiashara. Unajiuliza, pikipiki mpya Mtwara inanunuliwa kwa kazi gani nyingine? Kuchumbia?

Nina jirani wakili. Jioni nikamsimulia mkasa wa yadi, nikitaraji pole. Akaniambia sheria ipo tangu ukoloni, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na ndani yake mna dhamana ambayo haihitaji kuandikwa na dalali yeyote: ukinunua kitu kwa maelezo, kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza vitu vya aina hiyo, kiwe na ubora wa kufaa kuuzwa. Ipo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye sehemu nzima ya masharti yanayomlinda mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ya kupokea kilio chako. Shemeji akachangamka.

Lakini wakili hakuwa amemaliza. Kwanza, yadi ni yadi, na jirani anayehama ni jirani anayehama. Ukinunua kwa mtu binafsi ambaye kuuza magari siyo kazi yake, ile dhamana ya ubora huipati. Kwa hiyo mwalimu wa kike wa kwenye hadithi, hata kama yupo kweli, ndiye muuzaji mbaya kuliko wote kisheria. Pili, kama mnunuzi amekikagua kitu kabla ya kununua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua.

"Nyinyi mlikagua?" akauliza.

Nikamtazama shemeji. Shemeji akatazama kiatu chake.

Tusijione wajinga peke yetu, hata hivyo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, yenye mawakili wa kujaza meli, ilianza mradi wa karanga Tanganyika, kwanza Kongwa, baadaye na kwetu kusini, Nachingwea. Bandari ya Mtwara ni mtoto wa mradi ule, pamoja na reli ambayo ilishang'olewa zamani. Matrekta je? Mengi yalikuwa mtumba, mabaki ya jeshi yaliyookotwa mpaka Ufilipino. Yakafika, yakafa, spea hakuna, na mwaka 1951 mradi ukafungwa na mamilioni ya pauni yamekwenda na maji. Nao nadhani walipiga teke tairi wakasema gumu.

Kesho yake tukarudi yadi na fundi. Fundi hakugusa tairi. Alichomoa kijiti cha haidroliki ya gia boksi akainusa, akalala chini ya gari, akaliwasha likiwa la baridi, akasikiliza kitambo. Akasema gari siyo baya, tena kwa umri wake limetunzwa. Basi nikamwambia dalali: bei yako sina ugomvi nayo. Andika mistari mitatu nyuma ya risiti. Unachokidhamini ni nini, mpaka tarehe gani au kilomita ngapi, na likifa nje ya mji gharama za kulivuta ni za nani. Saini, namba ya kitambulisho, basi. Akatafuta kalamu mfuko wa shati, hakuna. Mfuko wa suruali, hakuna. Yadi nzima yenye magari ya mamilioni, kalamu haikupatikana. Tukaondoka.

Sasa dalali wangu, najua safu hii unaisoma, maana ulinipigia juzi kuniuliza kama shemeji bado yupo mjini. Yupo, na pesa zipo. Kalamu ni shilingi mia chache tu, duka lolote.