Kofia Iliyokuwa Jua

Tangu Ijumaa iliyopita, kila nipitapo katika uchochoro ule wa Mji Mkongwe, watoto ambao hata majina yao siyajui hunifuata nyuma wakiimba "Mwizi wa kofia! Mwizi wa kofia!", na mama zao, badala ya kuwakemea kama adabu ya mji ipasavyo, husogeza mapazia ya madirisha wapate kuniona vizuri zaidi, nami, ambaye sijapata kuchukua hata njiti ya kiberiti ya mtu pasipo idhini yake, hulazimika kuharakisha mwendo kama mtu aliyetoka kuvunja duka.

Kofia ilikuwa ya mzee mmoja mwenye heshima zake, kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, na niliitwaa kwa ridhaa yake mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwa ajili ya elimu.

Chanzo ni shangazi. Yeye ameshikilia kwamba mtu anayemaliza jioni zake mbele ya jedwali la kujaa na kupwa kwa maji hana budi kuwa anaumwa, na kwamba dawa ya ugonjwa huo ni watu. "Nenda barazani, mwanangu," aliniambia, "ukae na wenzio, uwaeleze yaliyo moyoni mwako." Maneno haya ya mwisho ndiyo yaliyoniponza, kwani yaliyo moyoni mwangu ni bamvua.

Nikaenda baada ya sala ya alasiri. Wakaniitikia salamu kwa ukarimu, wakanisogezea nafasi, muuza kahawa akanimiminia finjani kutoka katika dele lake na kunikabidhi kashata, nami nikakaa kimya kwa raha isiyo kifani, nikisikiliza habari za mpira ambazo hazikunitaka nijibu lolote. Na yamkini ningerudi nyumbani salama, na shangazi angeridhika, lau si kijana mmoja kuuliza, pasipo kumkabili mtu yeyote, kesho maji yatakupwa saa ngapi, maana alikuwa na nia ya kwenda kutafuta pweza. Nikamwambia: saa nne na robo. Akageuka akanitazama, akasema, "Umejuaje?"

Msomaji, swali hilo nimelingoja umri wangu wote.

Nikaiweka finjani yangu katikati ya baraza, ikawa dunia, nikaiweka kashata shibiri moja mbali nayo, ikawa mwezi, nikaanza. Mwezi, nikasema, huivuta dunia, lakini hauivuti sawasawa: maji ya upande unaouelekea huvutwa zaidi kuliko kiini cha dunia, na kiini cha dunia huvutwa zaidi kuliko maji ya upande wa nyuma; basi ya mbele huinuka kwa kuitangulia dunia, na ya nyuma huinuka kwa kuachwa nayo, ndiyo maana bahari hujaa mara mbili kwa siku wala si mara moja, jambo ambalo Isaac Newton alilitolea hoja kitabuni mwaka 1687 na ambalo sisi watu wa pwani tunaliona tangu kuzaliwa pasina kulistaajabia. Tena kwa kuwa mwezi nao husonga mbele katika njia yake wakati dunia ikijizungusha, kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, wenyewe na jua na dunia hujipanga katika mstari mmoja, nguvu hukutana, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua, ambapo hapa Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika hata mita 4. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta huku na mwezi huvuta kule, yakawa maji mafu. Na hapa ndipo penye lile ambalo hunikosesha usingizi: bamvua ya bandari moja huja daima katika saa zake zile zile, kwani mwezi uliokwisha kujipanga na jua hauna hiari ila kufuata saa za jua, na kwa hiyo bamvua ya Unguja hujaa karibu na alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, mwaka nenda mwaka rudi. Hata asiye na jedwali aweza kuutazama mwezi, akajua saa ya kwenda kutafuta pweza!

Ndipo nilipohitaji jua.

Mzee alikuwa ameivua kofia yake kwa ajili ya joto na kuiweka gotini. Nikamwomba, akasema, "Chukua, mwanangu," na hadhirina wakacheka, kicheko ambacho mimi nilikihesabu kuwa ni dalili ya suhuba. Sasa mtu mwingine, asiye na insafu, angeitua kofia ile pale pale kando ya finjani na kuendelea na maneno yake. Lakini jua liko mbali nasi kiasi cha mara 390 ya umbali wa mwezi, na maadamu mwezi wangu ulikuwa shibiri moja kutoka duniani, jua halikuwa na haki ya kukaa popote ila shibiri 390 kutoka hapo, yaani mita 90 hivi. Nikainuka, nikaenda nikihesabu. Uchochoro, kama vilivyo vichochoro vyote vya mji ule, haukujengwa kwa kuzingatia falaki. Ulipinda mara moja, ukapinda tena, hata nikafika mbele ya nyumba moja yenye baraza safi, nikaitua kofia kwa taadhima, na kutoka huko nikapaza sauti ili wenzangu wasikose sehemu iliyo tamu kuliko zote: kwamba jua limeuzidi mwezi kwa uzito mara milioni 27, na juu ya hayo nguvu yake ya kuinua bahari haifikii nusu ya ile ya mwezi, kwa sababu nguvu ya namna hii haipungui kwa kadiri ya umbali tu, bali umbali huo huzidishwa kwa wenyewe, kisha ukazidishwa kwa wenyewe tena, na mkubwa aliye mbali akashindwa na mdogo aliye karibu.

Hakuna aliyejibu. Nilirudi mikono mitupu, kwani kofia ilikuwa mahali pake na haikuwa na sababu ya kuondolewa. Huku nyuma adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha kuanza, na mzee yuko kichwa wazi, na mwenzake mmoja amekwisha kutoa fatwa kwamba yule harudi. Vijana waliotumwa kunisaka wakanikuta kwenye kona ya kwanza. "Kofia iko wapi?" Nikajibu: "Ipo mahali pake, shibiri mia tatu na tisini kutoka hapo barazani." Jawabu hilo, lililokuwa kweli kwa kila herufi, ndilo lililowafanya waite mwizi.

Ilipopatikana, mwenye nyumba, akitoka sokoni, alikuwa ameitulia kapu la dagaa. Mzee alikwenda msikitini kwa kofia ya kuazima isiyomwenea, yule kijana wa pweza alikuwa amekwisha kuula mwezi, na muuza kahawa, ambaye ndiye peke yake aliyebaki kuningoja, akanidai kahawa ya majlisi nzima.

Wala si kofia iliyoniuma, kwani nimeilipia. Linaloniuma ni kwamba watu wale wale, ambao sala zao tano huhesabiwa kwa jua, na saumu yao kwa mwezi, na kitoweo chao kwa maji, hawana nafasi ya robo saa kusikia vitu hivyo vinakwendaje, ilhali jana yake walikuwa wamemaliza jioni nzima wakijadili goti la mchezaji wa huko Uingereza ambaye hawatamwona kwa macho yao maisha, wala hapana aliyeambiwa na shangazi yake kwamba anaumwa. Mimi nikikaa kwangu, nina kiburi. Nikitoka nikanyamaza, nachunguza watu. Nikisema, nimepandwa na jini. Sijapata kukosa maziko ya jirani, na kila mchango wa harusi unaopitishwa mtaani nautoa, hata wa watu wasionialika, na katika miaka yote niliyokaa mtaani hapana jirani hata mmoja aliyebisha hodi kwangu ila kwa kutaka mchango.

Shangazi hakukata tamaa. Alinipeleka kwa wakulima wa mwani wa upande wa mashariki, wanawake wanaoyajua maji kuliko mimi na jedwali langu, na hao wakanipa kamba niifunge badala ya kunisikiliza, nami sikuwalaumu. Kisha akanitafutia mchumba, mwalimu wa hesabu, tukakalishwa sebuleni, tukakaa sote wawili kimya kwa muda mrefu, kila mmoja akiwa ameridhika kabisa, na wazee waliokuwa wakisikiliza mlangoni wakatoa hukumu kwamba hatukupendana.

Basi nimeamua kutafuta mwenyewe. Ikiwa miongoni mwa wasomaji yumo mtu, mwanamume au mwanamke, ambaye hupenda kujua mambo yanakwendaje, na haoni kunyamaza kuwa ni ugomvi, namwomba aje ufukweni wakati wa bamvua ijayo, maji yatakapokuwa yamekupwa kabisa, anikute mwambani. Salamu moja yatosha, wala hana haja ya kuniuliza habari za nyumbani. Siku wala saa sizitaji. Anayefaa kuja amekwisha kuzijua.