Barua ya Wazi kwa Bosi wa Umeme: Samaki Wangu Wanaomba Mita

Kwako Mkurugenzi,
Shirika la Umeme (jina nalihifadhi, maana bado nahitaji kuwashiwa taa)

YAH: MAOMBI YA MITA YA SAMAKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nyumbani kwangu, hapa Arusha, wapo wateja wako ambao hujawahi kuwasajili. Ni samaki wa Ziwa Tanganyika, wadogo, hata dume lao halifiki urefu wa kidole. Wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono, kila mwenye chake na mlango wake. Asubuhi utawakuta wanazoa mchanga mlangoni kwa mdomo na kwenda kuutemea upande wa jirani. Jirani akisogea kulalamika, anafukuzwa mpaka kwenye kona ya kioo. Kwao hawakuwahi kusikia habari za tokeni. Ziwa lile lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na maji yake ya juu ni ya vuguvugu mwaka mzima, bila hita na bila fundi.

Huku mlimani mambo ni mengine. Mwezi wa saba usiku wa Arusha unashuka hadi nyuzi joto 13 hivi, na samaki hawa wanataka 25. Kwa hiyo tangi la lita 200 lina hita ya wati 150, ambayo kwenye baridi hiyo inawaka nusu ya siku. Hapo zinaondoka yuniti 54 kwa mwezi. Filta haizimwi usiku wala mchana: yuniti 11. Pampu ya hewa, 3. Taa, 4. Jumla 72. Sisi binadamu wa nyumba hii, pamoja na friji, televisheni na pasi ya Jumapili jioni, tunatumia yuniti 60.

Sasa fungua kitabu chako cha bei, Mkurugenzi. Mteja mdogo, yule wa kundi la D1 asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa yuniti, ukiweka kodi na tozo inakuwa 122. Akizoea kuzidi anahamishiwa T1, kwenye 292, ambayo pamoja na kodi na tozo ni 356. Samaki wakihesabiwa peke yao ni wateja wadogo. Sisi peke yetu ni wateja wadogo. Lakini tukikutana kwenye mita moja tunageuka matajiri, na tajiri huyo analipa kama shilingi 47,000 kwa mwezi. Kila upande ungekuwa na mita yake, tungelipa wote kwa jumla kama 16,100. Hiyo tofauti ya karibu 31,000 ndiyo inayoitwa kuishi pamoja.

Usiseme sijajitahidi. Nilileta fundi akaziba matundu ya hewa juu ya madirisha ya sebuleni. Akapiga silingibodi pale ambapo kwa miaka yote tulikuwa tunatazama bati. Akabandika mashiti ya povu nyuma ya tangi na mengine chini yake, akaondoa taa ya tyubu akaweka ya LED. Alipomaliza aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa ndani. Chumba cha watoto bado hakina dari. Mwenzangu hajasema kitu, ila siku hizi jioni anahamishia kigoda na kitenge chake sebuleni, ubavuni mwa tangi, na watoto wanamfuata. Hita imepunguza kuwaka. Yuniti 75 bado tunazipita.

Najua utasema samaki si mtu. Sawa. Nitoke sebuleni nikupeleke nyumba ya tatu kutoka kwangu, yenye vyumba sita na wapangaji sita, kila mmoja na mlango wake, kitasa chake na jiko lake la gesi kibarazani. Mita ni moja. Mpangaji mmoja, mwenye balbu, redio na chaji ya simu, hafiki yuniti 20 kwa mwezi. Zikijumlishwa za wote sita zinapita 100, na nyumba nzima inasomeka kwenye mtambo wako kama mkubwa mmoja anayejiweza. Jirani yao anakaa peke yake, ana geti la chuma na mita yake mwenyewe, anasafiri mara kwa mara, na anakaa D1 kwa raha zake. Yule wa balbu anamzidi bei karibu mara tatu kwa kila yuniti. Unafuu wa mnyonge umepewa mita, na mita haijawahi kulala njaa.

Kuhusu kukatika, nitakuwa mfupi. Matangazo yenu ya matengenezo, saa tatu asubuhi hadi kumi na moja jioni, yanamalizika kwa kutuomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza. Kwangu huwa unajitokeza tumbo likiwa juu. Filta ikisimama, bakteria wanaosafisha uchafu wanaanza kufa, hewa inapungua majini, na samaki wanapanda juu kuhemea. Hapo nachota maji kwa jagi na kuyamwaga humo humo kutoka juu ili yashike hewa, nachota tena, namwaga tena, mpaka mkono ugome. Nilidhani baada ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha mwezi wa pili 2024, na mitambo yake ya megawati 2,115, jagi lingerudi jikoni. Samaki wenyewe walikuwa na matumaini makubwa zaidi, waliposikia umeme unatoka bwawani.

Mwisho, suala la kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 tunakatwa tukinunua umeme. Nimeweka tangi la pili dogo juu ya la kwanza, kwenye rafu ya chuma. Mita ya samaki ikija, tafadhali nijulishe mapema kama hiyo itahesabiwa ghorofa, nianze kuwaandaa wa juu kisaikolojia.

Fomu nimeijaza. Kwenye idadi ya wakazi nimeacha wazi, kwa kuwa wanazaana kabla wino haujakauka.

Wako katika kulijenga taifa,

Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Arusha

Nakala: Wapangaji wa nyumba ya vyumba sita, ambao ombi lao ni hili hili, ila hawana mapezi.