Niachieni Daftari Langu

Mimi ni katibu wa chama cha kuzikana cha mtaa wetu hapa Kibeta, Manispaa ya Bukoba. Kazi hii haina mshahara wala posho, hata kalamu nanunua mwenyewe. Nilichaguliwa siku ambayo sikuhudhuria mkutano, na ndivyo chama chetu kinavyopata viongozi. Msiba ukitokea, naandika: nani kaleta mkungu wa ndizi, nani kuni, nani maharage, nani kaja mikono mitupu akala kuliko wote. Huyo wa mwisho simwandiki, ila namkumbuka.

Sasa nisikilizeni shida yangu. Kila likizuka neno la ugonjwa wa mlipuko, mtaa mzima unalitaka daftari langu. Hawalitaki ili wawakumbuke marehemu. Wanalitaka kwa ajili ya ubishi.

Juzi mtu mmoja alikohoa saluni. Kikohozi chenyewe kilikuwa cha unywele uliomwingia kooni, lakini kinyozi alizima mashine. Mzee aliyekuwa anasubiri zamu akasema, "Enzi za Korona huyu angelala nje." Kesi ikafufuka palepale: je, nchi yetu iliimudu Korona au haikuimudu? Mgeni, omba Mungu usiikute mada hiyo Bukoba. Sisi Wahaya wenzetu hutuita nshomile, yaani waliosoma, na nshomile hatoi maoni. Anatoa maksi.

Mwalimu mstaafu, jirani yangu, alitoa A. Hoja zake anazipanga kama vitabu vya kusahihisha. "Waganda, hapo tu ng'ambo ya Mutukula, walifunga shule Machi 2020, wakaja kuzifungua zote Januari 2022. Mtoto aliingia ndani anaimba, akatoka sauti imekuwa nzito! Kenya walipigwa kafyu mpaka Oktoba 2021. Sisi je? Shule zilifungwa Machi, na Juni 29 watoto wote wakawa wamerudi darasani. Soko la Kashai halikufungwa hata siku moja. Mlitaka mama muuza ndizi ajifungie ndani ale barakoa?"

Kijana wa bodaboda, ambaye ana digrii na hapendi tusahau, alitoa F. "Waitu Mwalimu, tangu lini mwanafunzi aliyekataa kukusanya karatasi akapewa A? Takwimu za mwisho tulizipata mwanzoni mwa Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo kimya. Mwaka ukaisha tuko 509. Ukaja mwingine, bado 509. Hata bei ya kahawa haijawahi kutulia namna hiyo."

Saluni ilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema takwimu hazitibu. Kijana akajibu kwamba kutokupima nako hakutibu. Mimi nilikuwa nimenyolewa upande mmoja. Hakuna aliyejali.

Nakiri mwaka ule ulikuwa mgumu kuuelewa hata kwa mtu aliyesoma. Mei 3, 2020, Rais Magufuli alisimama Chato, ambako si mbali na sisi. Mpaka 2012, kabla ya Mkoa wa Geita kuzaliwa, Chato ilikuwa Kagera. Akatueleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara zikiwa na majina ya watu, na zikarudi na Korona. Kesho yake nilikwenda sokoni. Nikamkuta mama anayeuza mapapai amekaa kama mtu aliyefiwa. Nilipoliinua papai moja kulipima uzito, akaniambia, "Kaka, langu halijawahi kwenda Dar es Salaam." Nilinunua mawili. Mama Watoto akayafungia stoo siku kumi na nne. Yalioza yakiwa karantini, na mpaka leo ananidai nikiri kwamba yalikuwa na dalili.

Kabla ya hapo tulikuwa tumefanya siku tatu za maombi ya kitaifa, Aprili 17 hadi 19. Mwezi Juni tukatangaziwa kwamba Mungu ameiondoa Korona nchini. Mwalimu alipiga magoti. Kijana alivaa barakoa ya pili juu ya ile ya kwanza.

Katikati ya maombi na barakoa kulikuwa na kujifukiza. Hapo sote tulikuwa kitu kimoja, wa A na wa F, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu. Malimau yalipanda bei. Tangawizi ikawa ya kuhesabiwa vidole. Mkaratusi wa nyuma ya kwangu ulibaki na matawi ya juu tu, ukawa kama twiga. Mimi nilifanya mambo kwa ukamilifu: nikapata sufuria kubwa, nikachemsha mkaratusi, mwarobaini, mchaichai, majani ya mpera na vitunguu, nikajifunika blanketi mbili. Dakika ya tatu nilisahau jina langu. Ya tano nilianza kutubu dhambi ambazo sijazifanya. Mama Watoto aliposikia kimya akafunua blanketi, akanikuta mwekundu kama senene aliyekaangwa. Nilipona. Sijui nilipona nini, kwa maana hakuna aliyenipima.

Halafu mwaka 2021 nchi ikageuka. Rais Samia akaunda kamati ya wataalamu, na Julai 28 akachanjwa mbele ya kamera. Ugonjwa nao ukapata jina la kiofisi, UVIKO-19, kama mtumishi aliyepandishwa cheo. Ubishi ukabadilisha viti: aliyekuwa anasifu akalaumu, aliyekuwa analaumu akasifu, na saluni ikawa haijui nani amshike nani. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Dkt. Gwajima, anatuhimiza tuchanje. Askofu Gwajima naye, aliyekuwa mbunge wa Kawe, anatuonya tusichanje. Shangazi yangu wa Muleba akatangaza kwamba yeye hana haraka, atasubiri ukoo wa Gwajima umalize kikao.

Na lile la madarasa ndilo linalonimaliza nguvu. Mwaka huohuo nchi ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, zaidi ya shilingi trilioni 1.3, yakajengwa madarasa 15,000. Mpaka leo watu huyaita madarasa ya UVIKO. Mwalimu, mtu wa shule, hana la kusema juu ya madarasa. Kijana analo: "Ugonjwa ulioondoka Juni 2020 umerudi mwaka uliofuata kutujengea shule. Huo ni ugonjwa au ni mdau wa maendeleo?"

Basi hapo ndipo huwa wananigeukia mimi. "Katibu, lete daftari." Mwalimu analitaka aonyeshe kwamba Kibeta hatukuzika kuliko kawaida. Kijana analitaka aonyeshe kwamba tulizika kuliko kawaida. Wote wawili wana hakika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulifungua. Nchi yenye wizara, maabara na mafundi wa kompyuta, halafu ushahidi unatafutwa kwenye daftari la kurasa 96 lenye doa la mchuzi!

Nawaambia, hatukuwa hivi. Mkoa huu una historia ya kuhesabu hata vitu vya ajabu. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, huko Muleba, wasichana watatu walianza kucheka. Wakashindwa kuacha. Kicheko kikaambukiza, kikachanganyika na kilio, na Machi 18 shule ikafungwa. Waliougua walikuwa wanafunzi 95 kati ya 159. Watoto waliporudishwa makwao, kicheko kikaenda nao: kijiji cha Nshamba peke yake kiliugua watu 217. Madaktari waliandika ripoti, ikachapishwa mwaka uliofuata, na mpaka kesho wataalamu wa Ulaya na Marekani wanaisoma. Jamani, Kagera tulihesabu kicheko! Kichwa kwa kichwa, pamoja na tarehe. Nchi ilikuwa na uhuru wa wiki saba tu, haina hata madaktari wa kutosha, lakini mtu akicheka anaandikwa.

Na tunajua pia gharama ya kutokuandika. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia, ulipitia huku kwetu. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini, mwaka 1983, walikuwa wa Kagera. Kabla hatujaujua, tuliuita Juliana, jina la nguo ya fasheni iliyokuja na magendo kutoka Uganda. Wakati wazee wanabishana kama ni uchawi wa Waganda waliodhulumiwa biashara, nyumba zilikuwa zinabaki na bibi na wajukuu. Hapo sitanii. Nimelelewa jirani na nyumba hizo.

Ndiyo maana Marburg ya 2023 ilinishangaza kwa namna yake. Machi 21 Waziri Ummy Mwalimu alitangaza: ugonjwa ni Marburg, uko Bukoba Vijijini, kata za Maruku na Kanyangereko. Maruku! Pale unafika kabla hujamaliza kutafuna gonja. Hofu ilikuwa kubwa kuliko ya Korona, maana huu ulikuwa na anwani. Tuliacha kupeana mikono, na kwa Mhaya kumsalimia mzee bila kumshika mkono ni sawa na kumwambia unamdai. Kahawa ya kutafuna, ile ya kikapu kimoja ambacho kila mgeni anatia vidole, ikakaa kabatini. Msibani tuliketi mbalimbali kama tumegombana. Nshomile wetu hawakukosa cha kujivunia: Mwalimu alitukumbusha kwamba ugonjwa huu ulipogunduliwa 1967 kule Marburg, Ujerumani, ulitokana na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. "Kwa hiyo," akasema, "umerudi nyumbani ukiwa umesoma."

Lakini ubishi je? Haukuwapo. Saluni ilikuwa kimya, mpaka kinyozi akanunua redio. Tulikuwa tunaambiwa. Leo wangapi, wangapi wanafuatiliwa, nani kapona. Yalipotimia yote, wagonjwa walikuwa 9, na 6 kati yao walikuwa wamefariki, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao. Tukaanza kuhesabu siku 42 bila mgonjwa mpya, mtaa mzima, kama watu wanaosubiri mwezi uandame. Juni 2 ikatangazwa kwisha. Mwalimu akatoa B+. Kijana akatoa B+. Nilidhani nimesikia vibaya.

Raha yetu haikudumu. Januari 14, 2025, Shirika la Afya Duniani likasema kuna watu wanashukiwa kuwa na Marburg Kagera. Wizara ikapima, ikasema hamna. Januari 20 Rais Samia, akiwa na mkuu wa shirika hilo hilo, Dkt. Tedros, akatangaza kwamba ipo, Biharamulo. Ipo, hamna, ipo, yote ndani ya wiki moja! Serikali ikafanya kazi, na Machi 13 mlipuko ukatangazwa kwisha: wawili waliothibitishwa, wanane waliodhaniwa, wote kumi wamefariki. Lakini zile siku sita za katikati zilitosha. Mwalimu alirudi kwenye A yake, Kijana akarudi kwenye F yake, na mtu wa tatu akaanza kusema Marburg ni jina la kampuni ya simu.

Sasa juzi pale saluni nilichoka. Nilikwenda nyumbani na kichwa changu nusu, nikalileta daftari, nikalitupa kwenye meza ya kinyozi. "Someni!" Wakaanza kufunua. Mwaka 2020. Mikungu ya ndizi. Kuni. Maharage. Turubai. Nani kafiwa na nani, basi. Kafa kwa nini, hakuna, kwa sababu chama chetu hakiulizi, kinazika. Mwalimu akafunua, Kijana akafunua. Hakuna Korona ya A wala ya F.

Mpaka Kijana akafika katikati ya mwezi Mei. Akasoma kwa sauti, taratibu: "Faini. Katibu. Kuchukua sufuria kubwa ya chama bila ruhusa na kuchemshia miti ya kujifukiza, ndizi za msiba zikanuka mkaratusi. Shilingi elfu kumi. Imelipwa."

Saluni ilicheka mpaka nikakumbuka Kashasha. Kumbe hiyo ndiyo takwimu pekee ya Korona iliyopo Kibeta, na ni yangu.

Nami siioni aibu. Hati ni yangu, kosa ni langu, na siku ile hakuna aliyenishikia kiboko. Ningeweza kuuchana ukurasa. Kalamu nilinunua mimi. Ila nilijua kwamba wale waliokula ndizi zile wanajua walichokula, na nisipoandika elfu kumi, mtaani itasemwa laki moja. Kwa hiyo, wakubwa wetu wa Dodoma, mlipuko mwingine ukija, na huku kwetu huwa haukawii, msituletee A wala msiogope F. Tuhesabieni tu, siku ya kwanza na siku ya pili, hata ikiwa hesabu inawavunja shingo. Ubishi tutaumaliza wenyewe, na mimi nitanyolewa upande uliobaki.

Sufuria nayo, kwa wanaouliza, bado inanuka.