Kapeti la Manyoya Tabora, Bila Kuumbuka

Unalitaka kapeti la manyoya, na una haki ya kulitaka. Mji huu haukuanza leo kujivunia mazulia. Mvumbuzi Stanley alipofika Unyanyembe, ndiyo hapa Tabora, mwaka 1871 aliwakuta Waarabu wametandika mazulia ya Kiajemi, yaliyopanda kutoka pwani vichwani na mabegani mwa wapagazi. Mzigo wa namna hiyo haubebwi umbali wote ule ili uonwe na mwenyewe peke yake. Lako litakuja kwa basi, lakini hamu ni ileile. Fuata hatua hizi.

1. Nunua dogo. Litandike mbele ya kochi, miguu ya mbele ya kochi ikanyage ukingo wake, kisha simamisha meza ya kioo juu yake. Mgeni akikaa ataona manyoya tu kila akiinamisha macho. Kwingine kote acha saruji yako ing'ae.

2. Jeupe waachie wengine. Wewe chukua kahawia, rangi ya mchanga wa mtaani kwako. Vumbi la Agosti litalala humo wiki nzima na wifi hatagundua.

3. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usilifagie kwa nguvu. Ufagio unasukuma mchanga chini kwenye mashina ya manyoya, nao hukaa huko ukiyasaga kila unapokanyaga, hadi yaanze kunyonyoka. Lipindue uani, manyoya yatazame chini, ulipige mgongoni kwa fimbo. Mchanga utadondoka wenyewe.

Huna muda, na hodi imeshapigwa? Shika chanuo la meno mapana. Anzia upande wa mlangoni, chana kuelekea ndani. Manyoya yakilala yakimpa mgeni mgongo, kapeti humng'alia kama limetoka dukani asubuhi. Mchanga umo bado, ila hiyo ni siri yako na kapeti.

4. Usimwambie mtu mzima avue viatu. Tandika mkeka mzuri wa ukindu mlangoni, viatu vyako uviache pembeni yake. Atavua mwenyewe, na mkeka utazifuta nyayo zake bila yeye kujua.

5. Mvua za Novemba zikianza, likunje ulifiche chumbani. Likilowa halikauki upesi, litanuka sebule nzima. Na nyuma ya mvua yanakuja maembe, na watoto wa jirani. Tandika mkeka. Ukiulizwa, sema limepelekwa kuoshwa. Mwezi huo nani atabisha?

6. Asali ya Tabora ikidondokea manyoya, usisugue. Kwangua kwa kijiko, gandamiza kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, rudia polepole. Ikigoma kutoka, sogeza stuli hapo juu.